Tulikwenda Stoke Mandeville Kuulizia Miguu ya Fundi

Unapotusikia tukisema "sisi" katika safari hii, ujue tuko wawili, mtu na wifi yake. Mmoja wetu ni mke wa mtu ambaye majirani zetu wote hapa Muheza humwita Fundi. Mwingine ni dada yake Fundi, aliyemtangulia kuzaliwa. Tumeamua kuandika pamoja kwa sababu tulikwenda pamoja, na swali tulilolibeba lilikuwa moja.

Fundi ni seremala. Mwezi Novemba 2022, siku ya Jumamosi, alikwea mnazi ulio nyuma ya nyumba ili awaangulie wageni madafu. Mnazi ule aliukwea tangu utoto wake. Siku hiyo alishika kuti kavu, likang'oka, akaanguka kitako. Tulipomkimbilia hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Siisikii miguu yangu."

Vijana wanne wakambeba, wawili wakamshika mikono na wawili miguu, mgongo ukining'inia katikati kama machela isiyo na mti. Wakamlaza nyuma ya pikapu. Walifanya kwa upendo, na sisi tuliwahimiza wafanye haraka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mtu aliyeanguka kutoka juu akalalamikia mgongo au miguu hainyanyuliwi hivyo.

Pingili moja, pale kifua kinapoishia na kiuno kuanza, ilikuwa imesagika. Ndani ya pingili hupita uti wenyewe, ile kamba laini ya fahamu inayopeleka amri za ubongo miguuni na kurudisha habari za miguu kwenye ubongo. Uti ule uliminywa. Katika hospitali ya kwanza alilala chali siku kumi na moja bila kugeuzwa, na sisi tulidhani kutomgusa ndiko kumtunza. Aliporudi nyumbani alikuwa na kidonda cha kulalia juu ya makalio, upana wake kama mdomo wa kikombe. Kidonda hicho kilichukua miezi saba kufunga.

Baadaye jamaa mmoja akaleta habari. Alisema iko hospitali katika nchi ya mbali ambako mgonjwa hudungwa sindano za seli mgongoni, na baada ya miezi sita anatembea. Bei yake ilikaribiana sana na thamani ya shamba letu la michungwa, shamba linalosomesha watoto wanne. Ukoo ukagawanyika. Wengine walisema, "Uzeni, shamba ni mali tu, mtu ni mtu." Wengine walisema, "Na mkiuza asipotembea, watoto watakula nini?" Fundi mwenyewe alitaka liuzwe.

Tulikuwa katikati ya mabishano hayo wakati mmoja wetu alipoalikwa Uingereza, mwezi Mei 2024, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Wenzetu wa mtaa wakachanga nauli ya wa pili. Waliotuchangia walituambia neno moja: "Mkifika huko, ulizeni."

Treni ya Marylebone

Mwenyeji wetu London alikuwa dada mmoja mzaliwa wa Machakos, muuguzi ambaye kwa miaka mingi amewahudumia watu walioumia mgongo. Alitusikiliza jioni nzima bila kutukatiza. Kisha akasema, "Kabla hamjamuuliza mtu yeyote, kesho niwapeleke mahali ambapo kazi hii ilianzia."

Asubuhi tulipanda treni katika stesheni ya Marylebone. Kabla haijaondoka tuliona jambo lililotufundisha kabla ya somo. Mama mmoja alifika amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mkoba mapajani, amevaa kwa kupendeza. Mfanyakazi wa stesheni akaleta ubao wa mteremko, akauweka kati ya jukwaa na mlango, mama yule akaingia akafungua gazeti lake. Hakuna aliyegeuka kumtazama ila sisi. Tukaona aibu, tukageuza nyuso zetu dirishani.

Treni ilitoka mjini polepole, ikapita Amersham, kisha Great Missenden, kisha Wendover. Vilima vya huko ni vya chini na vya mviringo, si kama Usambara yetu inayosimama ghafla kama ukuta. Mashamba yalikuwa ya kijani, na kondoo walikuwa wametapakaa kama pamba iliyomwagika. Baada ya kama saa moja tukasoma kibao: Stoke Mandeville.

Jina hilo ni la kijiji karibu na mji wa Aylesbury. Tulitazamia mahali pakubwa, kwa kuwa jina lake limefika mbali: hata katuni mmojawapo wa michezo ya London mwaka 2012 aliitwa Mandeville. Tulikuta barabara ya kawaida, nyumba za matofali, na hospitali ya serikali yenye watu wanaoingia na kutoka kama hospitali yoyote. Jirani yake upo uwanja wa michezo, na katika eneo hilo imesimama sanamu ya shaba ya mzee mmoja mwenye miwani. Huyo ndiye Ludwig Guttmann.

Daktari aliyekataa kungoja kifo

Ndani ya uwanja huo, tangu mwaka 2019, kuna jumba dogo la kumbukumbu. Humo, na katika maelezo ya mwenyeji wetu, tulikutana na historia ambayo kila mama mwenye mgonjwa wa mgongo angefaa kuijua.

Guttmann alizaliwa mwaka 1899 katika familia ya Kiyahudi ya Ujerumani. Mwaka 1917, akiwa kijana anayejitolea katika hospitali ya wachimba makaa ya mawe, aliletwa mchimbaji mmoja mwenye nguvu zake, amevunjika mgongo. Kijana Guttmann alipotaka kuandika maelezo yake kwa urefu, aliambiwa asijisumbue, kwa kuwa mtu yule angekufa baada ya wiki chache. Na kweli baada ya wiki tano alikufa. Hakufa kwa kuvunjika mgongo. Alikufa kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya njia ya mkojo yaliyoingia katika damu.

Guttmann akawa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Utawala wa Hitler ulipowatesa Wayahudi, yeye na mkewe Else na watoto wao wawili walikimbilia Uingereza mwaka 1939. Serikali ya Uingereza ikijiandaa kwa mapigano makubwa ya Ulaya, ilimpa wodi ya askari waliovunjika mgongo hapa Stoke Mandeville. Ilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944. Madaktari wengi waliiona kazi hiyo kuwa ni ya kuwasindikiza watu kaburini, kwa maana katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 wengi wa askari wa namna hiyo walikufa katika miezi au miaka michache.

Yeye alifanya nini? Hakuwa na dawa mpya. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na mwenyewe alikuwa akitokea wodini usiku wa manane kuangalia kama amri inafuatwa. Aliamuru kibofu kitolewe mkojo kwa usafi na kwa saa zake. Kisha aliwaondoa wagonjwa kitandani. Waliojua useremala alitaka warudi kwenye useremala, na wengine wajifunze kazi. Wagonjwa walimwita "Poppa", yaani Baba, ingawa alikuwa mkali.

Tuliposikia habari ya useremala tukatazamana. Nyumbani kwetu vyombo vya Fundi vilikuwa vimefungwa kwenye gunia. Mmoja wetu ndiye aliyevifunga, ili asivione akasikitika.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, Guttmann alipanga mashindano ya kupiga mishale kwenye majani ya hospitali. Washindani walikuwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, wote katika viti vya magurudumu. Mwaka 1952 walikuja Waholanzi. Mwaka 1960 michezo ikahamia Rome na wanamichezo 400 kutoka nchi 23, na hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Kenya iliingia mwaka 1972.

Tulikaa kidogo kwenye habari za Margaret Maughan, kwa kuwa habari zake zinaanzia upande wetu wa dunia. Alikuwa mwalimu nchini Malawi, wakati huo ikiitwa Nyasaland. Mwaka 1959 aliumia huko katika ajali ya barabarani, akapooza miguu, akaletwa hapa. Mwaka uliofuata alikwenda Rome kupiga mishale. Alikuwa ameshapanda basi aondoke walipokuja kumtafuta, maana hakujua kwamba ameshinda medali ya dhahabu, ya kwanza kwa Uingereza katika michezo hiyo. Mwaka 2012, akiwa mama mzee, ndiye aliyewasha mwenge mkubwa wa Paralimpiki ya London. Alifariki mwaka 2020. Mtu aliyevunjika mgongo aliishi miaka 60 baada ya ajali! Sisi tulikuwa tumeanza kuhesabu maisha ya Fundi kwa miezi.

Chumba cha kupimia mwendo

Kesho yake mwenyeji wetu alitupeleka chuo kikuu kimoja ambako wana chumba cha kupimia mwendo wa mwili. Elimu yao huitwa bayomekaniki. Kwa maneno ya kawaida, wanautazama mwili kama fundi anavyotazama mlango: bawaba ziko wapi, uzito unaelemea wapi, na nguvu kidogo ikitumika mahali pazuri inafanya kazi kiasi gani.

Chumba kilizungukwa na kamera. Katikati palikuwa na kijana katika kiti cha magurudumu, amebandikwa vidude vidogo vya mviringo vinavyong'aa begani, kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono. Kiti kilisimama juu ya magurudumu mengine ili kisukumwe bila kuondoka. Pete ya kusukumia ilikuwa na vipimo ndani yake, na kila aliposukuma, mstari ulipanda na kushuka kwenye skrini ya kompyuta.

Mtafiti, mama wa makamo, alimwambia asukume kwa haraka, mkono juu mkono chini. Mstari ulipanda kwa ncha kali. Kisha akamwambia ashike pete nyuma zaidi, asukume kwa mkono mrefu, aachie, na mkono urudi ukining'inia chini ya pete. Mstari ukawa vilima laini kama vile tulivyoviona kutoka kwenye treni. Kiti kilikwenda mwendo uleule, lakini bega liliumia kidogo zaidi hapo kwanza kuliko hapo pili.

"Bega," alisema, na mwenyeji wetu akatutafsiria, "limeumbwa kwa kufikia vitu, siyo kwa kubeba mwili. Nyonga ndiyo iliyoumbwa kubeba. Mtu akipooza miguu, tunamwambia bega lake lifanye kazi ya nyonga, maelfu ya mara kila siku. Tusipolitunza, baada ya miaka mikono nayo inamwacha."

Alituonyesha kwamba ekseli ya magurudumu ya nyuma ikisogezwa mbele kidogo, bila kufikia mahali ambapo kiti kitapinduka kinyumenyume, msukumo unakuwa mwepesi. Alituonyesha pia kimo cha kukaa: mkono ukiwa juu kabisa ya pete, kiwiko kikunjike kiasi cha nyuzi 100 hadi 120, yaani kupita pembe mraba kidogo. Tulimweleza kiti alichopewa Fundi: kipana, kizito, kile cha kusukumia wagonjwa kwenye korido, ambamo hukaa ameinama upande kama gunia lililoegemezwa. Akatikisa kichwa. "Hicho si kiti chake. Ni kama kumvika mtoto kiatu cha baba yake ukamwambia akimbie."

Kisha akaleta mkeka mwembamba wenye vipimo, akauweka juu ya kiti, akamwomba mmoja wetu akalie. Kwenye skrini yakatokea maumbo mawili mekundu, palepale mifupa ya makalio inapokanyaga. "Wewe unasikia, kwa hiyo unajigeuza bila kufikiri. Asiyesikia hajigeuzi. Damu haipiti, nyama inakufa kimya." Akamwambia ainame mbele, kifua kikikaribia magoti. Wekundu ukafifia.

Hapo alitupa jambo ambalo tunataka kila msomaji alishike. Wagonjwa wengi walifundishwa kujinyanyua kwa mikono kitini kwa nusu dakika hivi, wakiamini inatosha. Wataalamu wa Stoke Mandeville walipima hewa safi inayorudi katika nyama ya makalio, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Nyama ilihitaji karibu dakika 2 kamili ndipo irudi katika hali yake. Ni nani awezaye kujinyanyua kwa mikono dakika 2? Na mabega je? Kwa hiyo bora ainame mbele juu ya meza au magoti, au aegemee upande mmoja kisha mwingine, bila haraka. Ni jambo lisilogharimu hata senti, na sisi tulikuwa hatulijui.

Swali lenyewe

Tulikuwa tumebeba ripoti na picha za Fundi ndani ya bahasha. Mwenyeji wetu alizisoma na kumweleza mtafiti. Kisha tukauliza swali lililotutoa Muheza. Je, atatembea?

Mtafiti hakujibu upesi. Kwanza alitueleza mambo ya kutia moyo, na aliyaeleza kwa haki. Alisema uti ulio chini ya mahali palipoumia haufi. Una uwezo wake wa kupanga hatua, ila haupati amri. Alisema huko Lausanne, nchini Uswisi, mwaka 2018 walitangaza habari za wanaume watatu waliowekewa vyuma vidogo vya umeme juu ya uti, wakafanya mazoezi kwa miezi wakiwa wamening'inizwa kwa mikanda, wakapiga hatua tena. Mwaka 2023 wakatangaza habari za Mholanzi mmoja ambaye ubongo wake uliunganishwa na uti kwa mitambo, na anatembea kwa magongo. Alisema hayo ni kweli, na ni ya ajabu.

"Lakini," alisema, "hao ni watu wachache katika utafiti. Hata wao hawajatupa viti vyao. Na utafiti wa kweli haumuuzii mgonjwa nafasi. Hizo sindano mlizoambiwa, kwa mtu aliyeumia zamani, hakuna iliyothibitishwa kurudisha miguu. Anayewaahidi miezi sita anawaahidi asichokuwa nacho. Fundi wenu amemaliza mwaka mmoja na nusu bila kusikia wala kusogeza kidole. Siwezi kuwaambia kwamba atatembea. Naweza kuwaambia kwamba anaweza kuishi, kufanya kazi, na kuzeeka."

Tulilia, msomaji, hatuna la kuficha. Mtafiti akatoka akatuachia chumba. Mwenyeji wetu alikaa kati yetu, mkono mmoja kwa huyu na mmoja kwa huyu, hakusema kitu mpaka tulipomaliza.

Wakati wa kurudi, ndani ya treni, mmoja wetu aliuliza kwa sauti ya chini lile jambo ambalo wake wa wagonjwa hawaulizi mbele za watu. Mwenyeji wetu alijibu bila kuona haya. Alisema unyumba hauishi kwa sababu miguu imelala. Unabadilika, na mume na mke wakisemezana kwa upole hupata njia yao, na wako wataalamu wa kuwasaidia, hata kupata mtoto. Alisema pia kwamba mwanamke aliyepooza miguu anaweza kushika mimba na kuzaa salama akiangaliwa vizuri. "Hili la pili waambieni sana huko nyumbani," alisema, "maana wanawake hao ndio wanaoachwa upesi."

Tuliporudi Muheza

Tungependa kuwaambia kwamba Fundi alitushukuru. Haikuwa hivyo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo mmekwenda Ulaya kuniletea habari ya mto wa kukalia?" Akageukia ukutani. Siku mbili hakusema nasi. Wazee waliotaka shamba liuzwe walisema tumemkatisha tamaa mgonjwa. Usiku tulijiuliza kama kweli tumetenda mema.

Siku ya tatu aliita, "Leteni lile gunia." Akakagua vyombo vyake kimoja kimoja. Randa ilikuwa imeshika kutu. Akatutazama kwa namna ambayo tungefurahi kugombezwa nayo kila siku.

Shamba halikuuzwa. Mazao ya michungwa ya msimu ule tuliyatumia kwa mambo haya. Tulikwenda naye Moshi, ambako kando ya hospitali ya KCMC kipo chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo vya bandia na viti vya magurudumu. Walimpima upana wa nyonga na urefu wa paja kama fundi cherehani anavyompima bwana harusi. Alipata kiti cha magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa mbali mbele, kwa sababu kiti kifupi kikigonga jiwe au kuzama mchangani humwangusha mtu kifudifudi. Njia zetu za Muheza mnazijua.

Nyumbani vijana walewale wanne walimwaga zege la mteremko mlangoni. Meza ya useremala ikakatwa miguu hadi kimo cha kiti. Usiku, hadi Fundi alipojifunza kujigeuza mwenyewe kwa kushika kamba, tulipangiana zamu na akina mama wa mtaa, kwa maana mke mmoja hawezi kuamka kila baada ya saa 2 kila siku akabaki mzima. Wapendwa, msiache zamu hizo kwa mke peke yake. Naye ana mgongo.

Kitu cha kwanza alichotengeneza Fundi kilikuwa ubao wa kuhamia: ubao laini, mwembamba nchani, wa kuteleza kutoka kitandani hadi kitini bila kunyanyuliwa. Alitengeneza wake. Kisha akatengeneza wa mtu wa Pongwe aliyeanguka kwenye mwembe. Sasa ameshatengeneza tisa. Mkononi mwa fundi, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwa akina mama wenzetu tunaacha haya machache. Mtu akianguka kutoka juu, au akipata ajali, akasema mgongo unauma au miguu haina fahamu, msimkunje. Kichwa, shingo na mgongo vikae mstari mmoja. Watu kadhaa wamviringishe kwa pamoja kama gogo, alazwe juu ya ubao au mlango. Akiwa kitandani, ageuzwe kila baada ya saa 2, na ngozi yake itazamwe asubuhi na jioni, hasa makalioni, nyongani na visiginoni. Wekundu usioondoka ni hatari. Akiwa kitini, akalie mto mnene wa sponji na ainame mbele kwa dakika 2, mara nyingi kwa siku. Ikiwa aliumia juu, kifuani au shingoni, naye akapatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na kutokwa jasho usoni, mkalisheni wima, mlegeze nguo, mwangalie kama mpira wa mkojo umeziba au kibofu kimejaa, kisha mwahini hospitali. Na akija mtu na ahadi ya miezi sita, mwulizeni kwa nini anataka shamba kwanza.

Jioni nyingine Fundi husogeza kiti hadi nyuma ya nyumba, akautazama ule mnazi kwa muda mrefu. Tulipotaka kuukata alikataa. Alisema mnazi haukumfanyia kitu. Kuti ndilo lililokuwa kavu. Sasa vijana hukwea wao, naye huwa chini, anawaelekeza: "Usishike hilo. Shika la kijani."